Je, Wajua? Meza ya Bwana na Viti vya Mbele

Je, wajua kwamba neno liturujia halikuzaliwa kanisani? Asili yake ni mji wa Athens, karne kadhaa kabla ya Kristo, na lilihusu mifuko ya matajiri. Leitourgia, kwa Kigiriki cha wakati huo, ilikuwa kazi ya umma aliyobebeshwa mwenye mali: mmoja agharimie merikebu ya kivita na wapiga makasia wake mwaka mzima, mwingine alipie kwaya ya kuimba na kucheza katika sikukuu ya mungu Dionysos. Mji ulipata merikebu na kwaya. Tajiri alipata sifa, na mwenye sifa alisikilizwa barazani. Baadaye Wayahudi waliotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa huduma ya makuhani hekaluni, na Wakristo wakalirithi kwao. Tangu mwanzo, basi, utumishi na heshima ya mtumishi vimo katika kapu moja, na wanateolojia wa leo wanaouliza ibada inamtumikia nani wanalifumua kapu hilohilo.

Kiswahili nacho kina neno la namna hiyo: Bwana. Mungu ni Bwana, mume ni bwana, na mwenye watumwa wa mashamba ya karafuu alikuwa bwana kabla mkoloni hajataka naye aitwe hivyo. Mfikirie mtu aliyetolewa utumwani Unguja katika miaka ya 1870, akapelekwa kwa wamisionari kufundishwa sala. Alimwita Mungu kwa neno lilelile alilomwitia mtu aliyemmiliki. Huenda lilimwuma mdomoni. Huenda pia lilimfungua, maana kama Bwana ni mmoja tu, naye yuko mbinguni, basi yule wa shambani alijipachika cheo kisicho chake. Wakristo wa kwanza walikuwa wamepita njia hiyohiyo kwa Kigiriki. Kyrios lilikuwa neno la mwenye mtumwa, na lilikuwa neno la Kaisari. Kumwita Yesu Kyrios katika mji uliojaa sanamu za Kaisari ilikuwa kauli ya kisiasa, hata kama waliokuwa wakiimba walikuwa watu kumi sebuleni kwa mtu.

Je, wajua kwamba basilika ilikuwa mahakama? Lilikuwa jengo refu lenye safu za nguzo, na mwisho wake ukuta uliopinda nusu duara, ambapo hakimu wa Kirumi aliketi juu ya jukwaa. Humo watu walishtakiana, wakafanya biashara, wakasikiliza hukumu. Hekalu la miungu lisingewafaa Wakristo, kwa kuwa lilikuwa nyumba ya sanamu na sadaka zilichinjwa nje. Wao walihitaji ukumbi wa kukusanyika. Konstantino alipowapa uhuru mwaka 313 na kuanza kuwajengea makanisa, mtindo uliochukuliwa ni huo wa basilika, na palipokuwa pa hakimu akaketi askofu. Hivyo ukiingia leo katika kanisa lenye ukumbi mrefu na madhabahu kule mwisho, miguu yako inafuata njia ya mshtakiwa.

Katika parokia niliyokulia, viti vya mbele vilikuwa vya plastiki, vimefunikwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe, vikiwasubiri wageni rasmi. Bibi zetu waliofika alfajiri, wakiwa wametembea na umande miguuni, walikaa kwenye mabenchi nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo, ilijulikana tu. Nilipokuja kusoma sura ya 2 ya Waraka wa Yakobo, inayokemea kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame, niliona viti vile na utepe wake.

Ubani una kisa kirefu zaidi, na bahari yetu imo ndani yake. Utomvu huo hutoka kwenye miti ya Dhofar huko Oman na ya nchi ya Wasomali, na vyombo vya baharini vimeubeba kwenda kaskazini tangu enzi za kale. Pwani ya Waswahili unawekwa kwenye chetezo, nyumba inanukia, bibi harusi anafukizwa. Kwa Wakristo wa karne tatu za kwanza, ubani huohuo ulikuwa kipimo cha kufa au kupona. Yapata mwaka 112, Plinius, gavana wa Bithynia na Ponto, alimwandikia Kaisari Traianus kumweleza anavyowahukumu walioshtakiwa kuwa Wakristo: aliyekana Ukristo alitakiwa aiombe miungu, atoe divai na ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, na amlaani Kristo. Aliyefanya hivyo aliachwa aende zake. Mwaka 250, chini ya Decius, kila raia alitakiwa atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha. Hati zaidi ya 40 za aina hiyo zimefukuliwa katika mchanga wa Misri, karatasi za mafunjo zenye jina la mtu, kijiji chake na sahihi ya mashahidi. Nguvu ya dola ilitosha kuingia katika konzi ya ubani.

Halafu upepo ukageuka. Mwishoni mwa karne ya 4 hujaji Egeria, aliyeandika safari yake ya Yerusalemu, aliona vyetezo vikiingizwa katika kanisa la Ufufuko hadi pote pakanukia. Kufikia yapata mwaka 700, Papa alipoingia kanisani mjini Roma alitanguliwa na ubani na vinara saba, na wanahistoria wa liturujia huonyesha kwamba moto na ubani wa namna hiyo ulikuwa heshima ya maofisa wakubwa wa dola ya Kirumi. Moshi waliokataa kuufukiza mababu ukawa unawafukiza maaskofu. Sisemi kwamba ubani ni dhambi. Naupenda, na harufu yake ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza ya Krismasi. Nasema una historia, na kila chetezo kinapopungwa historia hiyo inapanda nao juu.

Je, wajua kwamba kwa miaka 149 misale ya Roma iliendelea kuchapa sala ya kumwombea kaisari ambaye hayupo? Dola Takatifu ya Roma ilivunjika mwaka 1806. Sala yake ya Ijumaa Kuu ikabaki kitabuni mpaka mageuzi ya mwaka 1955.

Na sikukuu ya mtakatifu inaweza kupigwa marufuku na mahakama. Papa Gregory VII ndiye aliyemtenga na Kanisa Mfalme Henry IV wa Ujerumani, mpaka mfalme akaja kusimama kwenye theluji nje ya ngome ya Canossa, Januari 1077, siku tatu, akiomba kusamehewa. Zaidi ya miaka 600 baadaye, mwaka 1728, Papa Benedict XIII aliamuru sikukuu ya Gregory iadhimishwe na Kanisa zima, na masomo ya siku hiyo yalisimulia jinsi alivyomvua mfalme madaraka. Mahakama kuu ya Paris ikayapiga marufuku nchini Ufaransa. Wanasheria wa mfalme walielewa vizuri kuliko waamini wengi kwamba kinachosomwa kila mwaka mbele ya watu waliopiga magoti hatimaye huwa sheria moyoni.

Silaha ya upande wa pili ilikuwa kimya. Mfalme John wa Uingereza alipomkataa Stephen Langton kuwa askofu mkuu wa Canterbury, Papa Innocent III alisimamisha ibada katika ufalme mzima kuanzia Machi 1208 hadi 1214. Kengele zikanyamaza, misa za hadhara zikakoma, maiti wakazikwa bila ibada nje ya makaburi yaliyobarikiwa. Watoto wachanga waliendelea kubatizwa. Mfalme alisalimu amri mwaka 1213, akaukabidhi ufalme wake kwa Papa na kurudishiwa kama kibaraka. Ninachojiuliza kila nikisoma habari hizo ni juu ya mama wa kijijini huko, aliyemzika mumewe shimoni kando ya njia kwa ugomvi wa watu wawili asiowajua. Wanahistoria wa zamani waliandika sana juu ya wale wawili.

Mtaalamu aliyetufungua macho juu ya nyimbo za kuwasifu watawala kanisani ni Ernst Kantorowicz, Myahudi wa Ujerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler mwaka 1938. Kitabu chake cha mwaka 1946, Laudes Regiae, kinachunguza shangwe zilizoimbwa katika misa kubwa za enzi za Charlemagne: Kristo anashangiliwa kuwa mshindi na mfalme, kisha anatajwa Papa, kisha mfalme, kisha jeshi, na kila cheo kimepewa watakatifu wake wa kukiombea. Mbinguni kuna ngazi, na duniani kuna ngazi, na wimbo unaziunganisha hata msikilizaji haoni mshono. Kantorowicz aliyajua haya kwa uchungu wa maisha pia. Alipokuwa akifundisha California, chuo kilidai wahadhiri wale kiapo cha kisiasa dhidi ya ukomunisti. Alikataa, akaipoteza nafasi yake mwaka 1950.

Kabla yake Erik Peterson, mwanateolojia Mjerumani aliyeingia Ukatoliki mwaka 1930, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1935 chenye hoja iliyowakera wengi katika nchi iliyokuwa ikimshangilia kiongozi mmoja. Wako waliowahi kusema: Mungu mmoja, kwa hiyo mfalme mmoja. Peterson akajibu kwamba fundisho la Utatu linaivunja hesabu hiyo, kwa sababu umoja wa Mungu wa Wakristo hauna mfano wake katika serikali yoyote. Mwanafalsafa Mwitaliano Giorgio Agamben aliichukua hoja hiyo mwaka 2007 na kuigeuza swali ambalo bado linanisumbua: kama mtawala tayari ana polisi na kodi, kwa nini anahitaji pia kuimbiwa?

Je, wajua kwamba watu wamechomwa moto kwa sababu ya vidole vitatu? Katika miaka ya 1650 Patriarki Nikon wa Moscow alibadilisha ibada ya Kirusi ifanane na ya Wagiriki. Warusi walizoea kufanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili. Sasa wakaamriwa vitatu. Wengi walikataa. Monasteri ya Solovetsky ilizingirwa na majeshi ya mfalme kuanzia 1668 hadi 1676, na padre Avvakum, baada ya kufungwa miaka mingi katika nchi ya barafu, alichomwa mwaka 1682. Nikon mwenyewe alikuwa ameshavuliwa cheo kwa kugombana na mfalme, lakini amri yake ya vidole ikabaki. Ni rahisi kwa msomaji wa leo kutikisa kichwa. Ila mkono unaojisaini tangu utotoni ni mkono wa mama aliyeushika na kuufundisha, na dola iliyoingia hapo ilikuwa imeingia nyumbani.

Katika nchi ya Wacheki ugomvi ulikuwa juu ya kikombe. Kwa karne kadhaa Kanisa la Magharibi lilikuwa limezoea kuwapa walei mkate peke yake, na divai ikanywewa na padre. Mwaka 1414 wahubiri wa Praha walianza kuwanywesha watu wote. Mtaguso wa Konstanz ukalilaani jambo hilo Juni 1415, na tarehe 6 Julai ukamtoa mhubiri Mcheki Jan Hus achomwe. Wafuasi wake wakachora kikombe kwenye bendera zao za vita. Vita vya msalaba vitano vilipelekwa dhidi yao na vyote vikashindwa, hadi mwaka 1436 wakaruhusiwa kunywa. Wakulima na mafundi walipigana miaka kumi na zaidi ili midomo yao iguse chombo kilekile kilichoguswa na midomo ya kasisi.

Sasa tufike Afrika Kusini, maana hapo ndipo somo zima linapokaa kooni. Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo huko Rasi ya Tumaini Jema iliulizwa kama Waafrika waliobatizwa wangekula Chakula cha Bwana pamoja na Wazungu. Ikajibu kwamba meza ni moja, bila kuangalia rangi wala asili. Jibu lilikuwa jema, na liliandikwa. Lakini manung'uniko hayakwisha, na mwaka 1857 sinodi ikakaa tena. Safari hii ilisema kwamba kuwapokea waamini wapya katika usharika uliopo ni jambo la kutamanika na la Kimaandiko, ila kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, inaruhusiwa kuwahudumia katika jengo lao peke yao.

Soma sentensi hiyo mara mbili. Hakuna aliyesema Mungu anataka utengano. Walikiri kwamba Maandiko yanataka kinyume chake, kisha wakaupa udhaifu nafasi ya kupanga viti. Mwaka 1881 likaundwa kanisa tofauti kwa watu wa rangi, na kilichoanza kama huruma kwa wasiotaka kushiriki kikombe na mtumishi wao kikapata katiba, na baadaye wanateolojia wa kukitetea. Chama cha Taifa kilipochukua serikali mwaka 1948 na kuutangaza ubaguzi kuwa sera ya nchi, kiliukuta tayari umeshasaliwa Jumapili kwa Jumapili. Ndiyo maana wasomi wengi wa Afrika Kusini huanzia kisa cha apartheid mezani pa Bwana.

Na ni mezani hapo ubaguzi huo uliporudishwa kuhukumiwa. Agosti 1982, Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Ulimwenguni ulikutana Ottawa, Kanada. Mchungaji Allan Boesak wa Afrika Kusini na wenzake weusi walikataa kushiriki Chakula cha Bwana na wajumbe wa makanisa ya Wazungu wa nchi yao. Mkutano ule uliitangaza apartheid kuwa uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa yaliyoitetea, na ukamchagua Boesak kuwa rais wake. Mwaka huohuo kanisa la watu wa rangi likaandika Ungamo la Belhar, likalipitisha rasmi mwaka 1986.

Kenya nayo ina meza yake, na haizungumzwi inavyostahili. Juni 1913, wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu wakitafuta njia ya kufanya kazi kwa umoja. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Waskoti, na wasiokuwa Waanglikana wakapokea. Habari zikavuka bahari hadi Unguja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury: wamefundisha uzushi, wamevunja umoja. Magazeti ya Uingereza yaliuchukua ugomvi huo kwa miezi. Jibu rasmi lilitoka Pasaka ya 1915, wakati vita vikuu vimeshafika hadi huku kwetu.

Weston si mtu wa kuhukumiwa kwa haraka. Baada ya vita huyohuyo aliandika kijitabu kikali dhidi ya kazi ya shuruti iliyolazimishwa kwa Waafrika chini ya Waingereza, na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake London, alisema wazi kwamba hakuna haki ya kumwabudu Yesu katika Ekaristi huku ukimpita katika vibanda vya maskini. Kwake madhabahu na mtaa wa mabanda vilikuwa jambo moja. Hata hivyo, katika barua zote za Kikuyu, wakubwa watatu wanabishana ni mikono ipi inaweza kuumega mkate, na Wakikuyu ambao nchi yao ndiyo iliyolipa jina lile shauri hawaulizwi. Je, wajua hata mmoja wao aliyekuwa kanisani siku ile? Mimi huwa natafuta.

Miaka 45 baadaye, huko Kamina, Katanga, ambako watu huongea Kiswahili sokoni, Mfransisko Mbelgiji Guido Haazen alirekodi na kwaya yake ya wavulana Missa Luba: misa ya Kilatini iliyovalishwa ngoma na sauti za Kongo. Dunia ilishangaa kwa uzuri wake, nami bado nashangaa. Ila jina la kwaya lilikuwa Les Troubadours du Roi Baudouin, waimbaji wa mfalme wa Ubelgiji. Ilikuwa 1958. Miaka miwili baadaye mfalme huyo alikuwa akikabidhi uhuru.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4, na lugha za watu zikapata ruhusa ya kuingia madhabahuni. Kongo haikuishia kwenye lugha. Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyelazimika kuondoka nchini kwa muda mwaka 1972 kwa kupingana na Rais Mobutu, alisimamia miaka ya kazi iliyozaa misa ambamo mhenga anaitwa pamoja na watakatifu, toba inakuja baada ya Neno badala ya kutangulia, na watu wanacheza kuizunguka madhabahu. Roma iliikubali tarehe 30 Aprili 1988. Jina lake rasmi? Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Walipata wahenga na ngoma, wakaachiwa na neno Kirumi mlangoni. Wapo wanateolojia wa Kiafrika wanaouliza swali jingine pia: padre akivaa alama za chifu, tumemleta Kristo karibu na watu, au tumempa padre enzi ya pili? Mobutu naye alivaa ngozi ya chui. Naona swali hilo ni la haki, na naona waliocheza misa ile wanastahili kulijibu kwanza.

Jean-Marc Ela, padre wa Kamerun aliyeishi na wakulima wa mtama kaskazini mwa nchi yake, aliuliza kuhusu chakula chenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mkate wa ngano tupu na divai ya zabibu. Mahali ambapo havioti, Ekaristi inaagizwa kutoka ng'ambo, na mkulima anajifunza kwamba jasho lake halifai mezani pa Mungu. Ela alikufa uhamishoni Kanada mwaka 2008. Tanzania tulijibu kwa namna yetu: wamisionari Waitalia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950, na leo zabibu ni zao la Mgogo kama mtama wake.

Je, wajua kwamba askofu aliwahi kufuta misa zote za jimbo lake ili watu wote waende kwenye moja? Tarehe 12 Machi 1977, huko El Salvador, padre Rutilio Grande aliuawa pamoja na mzee na kijana waliokuwa naye garini. Óscar Romero alikuwa askofu mkuu wa wiki tatu tu. Aliamua kwamba Jumapili ya tarehe 20 kutakuwa na misa moja katika jimbo zima, mbele ya kanisa kuu la San Salvador. Balozi wa Papa alipinga. Matajiri waliozoea misa zao tulivu walichukia, kwa kuwa ili kushika amri ya Jumapili walilazimika kusimama juani na wakulima. Watu wapatao 100,000 walikuja. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Machi 1980, Romero alipigwa risasi akiwa madhabahuni katika kanisa dogo la hospitali.

Mwanateolojia Mmarekani William Cavanaugh aliandika mwaka 1998 juu ya Chile ya dikteta Pinochet, na anasaidia kuelewa kwa nini misa moja iliwatisha wenye bunduki. Mateso ya gerezani, anasema, hayatafuti siri tu. Hutenganisha watu, kila mmoja abaki na maumivu yake na woga wake kwa jirani. Ekaristi hufanya kazi iliyo kinyume: hukusanya miili. Analilaumu Kanisa la Chile kwa kukawia, kwa sababu lilikuwa limezoea kuiachia serikali miili na lenyewe kushika roho. Mwaka 1980 baadhi ya maaskofu walitangaza kwamba watesaji wamejitenga na ushirika, na mtesaji akajua kwamba komunyo si haki yake ya kuzaliwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mlango ambao mamlaka hupenda kuingilia ni kipaza sauti na bakuli la sadaka. Tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, magharibi mwa Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani. Ibada ya siku hiyo ilikuwa ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Wakubwa walikaa kwenye viti vya mbele, wakasikiliza. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto jijini humo, shilingi milioni 2.6, zitarudishwa. Wanakwaya walikuwa wamepewa sehemu yake. Nawaonea huruma, sare za kwaya ni ghali. Lakini sijaona katika maisha yangu tendo la kiliturujia lililonigusa kama lile la sadaka kurudi kwa mtoaji.

Na Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji, alikamatwa na kuuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Jeneza lake likapelekwa Mucwini, kijijini kwao kaskazini, mbali na Kampala, ili mji usizike. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, kando ya la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Jumapili ya tarehe 20 maelfu ya watu walipanda kilima kile na kusali. Baada ya ibada hawakwenda nyumbani. Walitoka nje, wakalizunguka shimo lisilo na mtu ndani, wakaimba.